Mtoto anakuja: namna ya kupanga fedha Dar bila kuingia kwenye mikopo

Ukiwasikiliza akina mama waliojifungua karibuni hapa mjini, wengi hawalalamikii bei ya nguo za mtoto. Wanalalamikia ile wiki ambayo kila kitu kilidai fedha kwa mpigo: kodi ya nyumba imeisha, daktari amesema operesheni, bajaji ya usiku imetaja bei yake, na genge au saluni imefungwa kwa sababu mwenyewe yuko wodini. Wiki hiyo ndiyo inayowatumbukiza watu kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa na marejesho ya haraka, na mzazi anatoka arobaini akiwa na deni linalomfuata mlangoni.

Kwa hiyo msimamo wa mwongozo huu ni mmoja: weka fedha kwanza, vitu vije baadaye. Mtoto mchanga anahitaji vitu vichache sana. Mama yake anahitaji hela iliyo tayari.

Hatua ya 1: Anza kliniki kabla ya wiki ya 12

Hii ndiyo akiba ya kwanza, hata kama haionekani kuwa ya fedha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Zahanati au kituo cha afya cha karibu kitakupima presha, damu, mkojo, VVU na kaswende, na utapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kukinga malaria, chanjo ya pepopunda na chandarua chenye dawa. Upungufu wa damu ukigundulika mwezi wa tatu unatibiwa kwa vidonge na mboga za majani. Ukigundulika siku ya uchungu, ndugu wanaanza kukimbizana kutafuta damu.

Usiruke hudhurio ili kuokoa nauli. Nauli ya daladala kwenda na kurudi ni ndogo mno ukilinganisha na tatizo lililofichika.

Huduma kuwa bure hakumaanishi utaenda mikono mitupu. Vituo vingi vitakuambia uje na vifaa: glavu, pamba, nyembe, kibanio au uzi wa kitovu, mpira wa kulalia, pedi za uzazi na kanga safi. Omba orodha hiyo mapema, kwenye hudhurio la kwanza au la pili, na uulize ni vitu gani hasa vinavyokosekana hapo kituoni. Kisha mtafute mama aliyejifungulia hapo miezi ya karibuni umuulize vilevile. Yeye atakueleza kilichotumika kweli na kilichorudi nyumbani kwenye begi bila kufunguliwa. Maduka ya dawa huuza vifaa hivi vikiwa pakiti moja, lakini linganisha na bei ya kununua kimoja kimoja kwenye duka la jumla la dawa kabla ya kulipa.

Kama umeambiwa una presha, sukari, kovu la operesheni ya nyuma au mapacha, usichague pa kujifungulia kwa kuangalia bei. Fuata rufaa. Amana, Temeke na Mwananyamala ni hospitali za rufaa za mkoa, na kesi nzito zaidi hupelekwa Muhimbili. Tenga fedha ukijua kwamba huenda ukaishia huko.

Anayechagua hospitali binafsi aulize maswali haya na aandikiwe majibu: kujifungua kwa kawaida ni kiasi gani, operesheni ni kiasi gani, wanataka malipo ya awali ya shilingi ngapi, na siku ya ziada ya kitanda inalipiwaje. Halafu kuna swali ambalo karibu kila mtu hulisahau: mtoto akihitaji kukaa kwenye chumba cha uangalizi wa watoto wachanga, kila siku ni bei gani? Bili nyingi zinazovunja nyumba huanzia hapo. Mwenye bima ya NHIF athibitishe kwamba kituo kinaipokea na kwamba kadi iko hai, kwa kuwa mwajiri anapochelewesha michango, kadi inaweza kukataliwa dirishani.

Hatua ya 2: Pangilia miezi kwenye kalenda

Chukua kalenda ya ukutani uzungushie tarehe ya matarajio uliyopewa kliniki. Kisha andika juu yake kila malipo makubwa ya nyumba yako: kodi, ada ya shule ya mtoto mkubwa, mchango wa harusi uliyokwisha kuahidi, sikukuu.

Kodi ndiyo ya kuangalia kwa jicho kali. Hapa Dar wenye nyumba wengi wanataka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Kama ya kwako inaisha mwezi uleule wa kujifungua au mwezi unaofuata, zungumza na mwenye nyumba sasa, wakati tumbo bado dogo na hujawa na haraka. Mwombe ulipe miezi miwili juu ili tarehe isogee mbele, au akuruhusu ulipe nusunusu kwa awamu mbili. Mwenye nyumba anayefuatwa miezi minne kabla husikiliza zaidi kuliko anayepigiwa simu siku kodi imeisha.

Na usihame ukiwa na mimba ya miezi minane kwa sababu tu chumba kinaonekana kidogo. Kuhama ni kodi ya mkupuo, hela ya dalali, kirikuu ya kubebea vitu, kitasa kipya na mapazia. Mtoto mchanga analala na mama yake, hadai chumba chake.

Sasa hesabu. Mimba iliyojulikana ikiwa na wiki 10 inakuachia kama wiki 30, yaani siku 210. Ukitenga shilingi 2,000 kila siku utafikisha 420,000. Mwenzio akifanya hivyohivyo, mna 840,000. Kwa mwenye kipato cha kutwa, 2,000 ya kila jioni inatoka kwa urahisi kuliko 60,000 ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mwisho wa mwezi hela hiyo imekwishaliwa bila kuonekana.

Gawa akiba hiyo mafungu matatu tangu mwanzo. Fungu la kwanza ni la kujifungua: vifaa, usafiri, dawa na dharura. La pili ni la arobaini: chakula, gesi, maji, nauli ya atakayekuja kukusaidia. La tatu linabeba kodi na maisha ya miezi ambayo kipato kitapungua. Nguo na vyombo vya mtoto vinakuja baada ya hayo yote, na vinachukua kipande kidogo tu.

Hatua ya 3: Chagua mahali ambapo fedha haitaguswa

Kibubu cha mbao kinafaa kwa sarafu na noti za kutwa, ila kisikae kwa muda mrefu kikiwa kimejaa. Chumba cha kupanga kina majirani wengi, na kibubu kinajulikana kwa sura. Kila wiki mbili kivunje, hamishia fedha mahali pengine, anza kingine.

Mchezo wa kijumbe, yaani kuchangishana na kupokezana kwa zamu, unasaidia sana ukijua kuupanga. Omba zamu yako iangukie mwezi wa nane wa ujauzito. Usichukue ya kwanza, kwa sababu italiwa mapema na utabaki kuchangia wakati hufanyi kazi. Usichukue ya mwisho pia, maana mtoto hasubiri zamu. Na cheza na watu unaojua wanapoishi na wanachofanya. Kijumbe akitoweka na fedha za wajawazito, hakuna wa kukurudishia.

Kwenye kikoba, soma katiba yenu. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii unaotoa kitu kwa mwanachama aliyejifungua, na wako wanachama wasiojua kwamba wana haki hiyo. Angalia pia mzunguko unafungwa lini. Kama mgao ni Desemba na wewe unajifungua Septemba, hisa zako hazitakusaidia kwa wakati, kwa hiyo punguza kununua hisa miezi hiyo na hela nyingine uiweke pembeni.

Kwa wengi njia nyepesi ni laini ya pili ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, isiyotumika kwa vocha wala kutumiana hela na ndugu. Kuweka fedha kwa wakala hakuna makato, makato yapo kwenye kutoa. Basi weka kidogokidogo na utoe kwa mkupuo mmoja, au usitoe kabisa: hospitali za umma hukupa namba ya kumbukumbu ya malipo, na unalipa kwa simu palepale. Mwenzio, mama yako au dada unayemwamini ajue laini iko wapi na nani wa kuifungua, kwa sababu siku ya uchungu hutakuwa na nafasi ya kueleza.

Mikopo ya kubofya kwenye simu na ya wale wanaokuja kuchukua marejesho kila siku isiwe sehemu ya mpango. Mkopo wa biashara unalipwa na biashara. Mkopo wa uzazi unalipwa na mtu ambaye kwa wakati huo hana kipato, na ndiyo maana unamwelemea.

Hatua ya 4: Azima, kisha mitumba, kisha Kariakoo

Mpangilio huu una sababu. Anza kwa kuuliza dada, wifi na majirani. Nguo za mtoto mchanga huvaliwa wiki chache tu, beseni na chandarua cha mwavuli hukaa juu ya kabati miaka. Ukiazima, sema wazi utarudisha lini, na urudishe vikiwa safi.

Kinachobaki tafuta mitumba. Soko la Mchikichini pale Karume, Tandika na Manzese vina nguo nzuri za watoto, na ukiwahi asubuhi siku robota linapofunguliwa unachagua mwenyewe kabla ya wauzaji wengine hawajachambua. Vuta mpira wa kiunoni uone kama bado unarudi. Jaribu vifungo na zipu. Angalia madoa kwenye shingo. Chukua chache za mchanga kabisa na nyingi za miezi 3 hadi 6, kwa kuwa hizo ndizo zitakazovaliwa muda mrefu. Pamba nyepesi ndiyo nguo ya Dar. Masweta mazito na mablanketi ya manyoya yanamletea mtoto vipele vya joto, hasa anayezaliwa kati ya Desemba na Machi. Zote zifuliwe, zianikwe juani na kupigwa pasi kabla ya kumgusa mtoto.

Kariakoo nenda kwa vile usivyovipata kwingine, na usiende peke yako. Wajawazito wawili watatu mkichanga mnanunua kaptula, vesti na taulo kwa dazeni, bei ya jumla, mnagawana. Pitieni maduka ya ndani kabla ya kusimama kwa wamachinga wa Mtaa wa Kongo, angalau mjue bei inaanzia wapi. Wiki za kabla ya Idi na Krismasi ziepukeni: bei hupanda na msongamano haufai kwa mwenye tumbo.

Kwa kuanzia, mtoto anatosha na nguo za juu sita au saba, kofia mbili, soksi, mashuka mepesi mawili, taulo, beseni, sabuni isiyo kali, mafuta ya kawaida, chandarua na kanga. Kanga ndiyo inayofanya kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ni shuka, ni mbeleko, ni pazia la kunyonyeshea, na zilizochakaa zinakatwa nepi laini kuliko za dukani. Kusanya kanga kuukuu za mama na shangazi kabla hujafikiria doti mpya.

Viatu vya mtoto mchanga, poda, kigari cha kusukuma na kitanda cha mbao vinaweza kusubiri. Kigari kwenye mitaa ya mchanga na mitaro ya Tandale au Mbagala hakiendi popote. Chupa za maziwa usinunue kabisa mpaka uwe na sababu iliyotoka kwa muuguzi au daktari.

Na wazee wanaosema si vizuri kununua vitu vya mtoto kabla hajazaliwa, wasikilizwe kwa heshima. Kifedha wanakusaidia: orodha fupi inabaki fupi, na hela inabaki hela. Nunua vya lazima, vilivyobaki mtu wa nyumbani atavifuata mtoto akishafika.

Nepi nazo zipigiwe hesabu. Tuseme pampasi moja ni shilingi 400. Mtoto akitumia sita kwa siku, hiyo ni 2,400, na kwa mwezi 72,000. Ukimvalisha nepi za kitambaa mchana na kuweka pampasi mbili tu, moja ya usiku na moja ya safari, unatumia 24,000. Inabaki 48,000 kila mwezi, ukitoa sabuni na maji. Hapo pa maji uwe mkweli na nafsi yako. Kama mtaani kwenu maji yanatoka mara mbili kwa wiki na mnanunua kwa dumu, faida inapungua, na anayefua awe na nguvu za kufua. Mzazi wa operesheni asiinamie beseni. Pampasi zinunuliwe kwa pakiti kubwa, kwani za kununua mojamoja kwa Mangi zina bei ya juu zaidi.

Hatua ya 5: Zungumza na ndugu kuhusu zawadi

Watu wa Dar wanachanga. Sherehe za kumpongeza mjamzito zimeshika kasi, zenye sare, keki, mapambo na ukumbi, na mara nyingi fedha iliyokusanywa inaishia kwenye ukumbi. Shoga zako wakitaka kukufanyia, kubali kwa shukrani na umwombe mmoja aliye karibu nawe, wifi au dada, awaambie wengine kwa niaba yako: tukutane nyumbani, tule pilau, na kila mwenye zawadi achague kwenye orodha hii. Orodha iwe na pakiti za pampasi, sabuni, mtungi wa gesi, unga wa lishe, na fedha kwenye laini ya mtoto. Si vibaya kusema. Watu wanaona ugumu kukisia, na ndiyo maana mzazi mmoja anajikuta na masweta tisa.

Akika na ubatizo vipangwe kwa uwezo uliopo. Akika ni sunna kwa mwenye uwezo, na ikipita siku ya saba inaweza kufanyika baadaye. Hakuna sababu ya kukopa mbuzi.

Hatua ya 6: Linda kipato cha miezi ya mwanzo

Aliyeajiriwa anayo haki iliyoandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Anatakiwa kumjulisha mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, akiambatisha cheti cha daktari. Andika barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akirudi kazini, sheria inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba naye ana siku 3 za malipo, zitumike ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwanachama wa NSSF aende tawini mapema kuuliza masharti ya mafao ya uzazi, kwa kuwa yanategemea michango iliyokwishaingia, na kama mwajiri hajapeleka ni vizuri kujua kabla.

Lakini wanawake wengi wa jiji hili ni mama lishe, wasusi, wauza samaki, mawakala, wafanyabiashara ndogondogo. Likizo yao wanajilipa wenyewe. Kama ndivyo ulivyo, hili ndilo fungu lako kubwa kuliko yote, na lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni mtaji. Utenganishe na hela ya matumizi kuanzia mwezi wa sita, hata kwa kuweka kwenye laini nyingine, kwa sababu mtaji ukiliwa arobaini hutakuwa na pa kurudia. Sehemu ya pili ni anayebaki kwenye biashara. Mdogo wako au binti wa kazi aanze kukaa nawe wiki sita kabla, ajue wateja, wanaokopa na wanaolipa, bei za sokoni, na kilo ya unga inatoa chapati ngapi. Kubalianeni malipo yake kwa siku, na hesabu zipigwe kila jioni. Biashara isiyoweza kuachiwa mtu, kama ususi, ipunguze polepole: pokea vichwa vyepesi, na waambie wateja mapema utarudi mwezi gani, uwape namba ya rafiki atakayewahudumia kwa muda. Mteja aliyeagwa hurudi.

Hatua ya 7: Andaa usafiri na arobaini

Uchungu mara nyingi huja usiku. Ongea na dereva wa bajaji au teksi anayelala mtaani kwenu, mkubaliane bei, uwe na namba yake na ya mwenzake. Weka noti za nauli kwenye begi la hospitali, zisiguswe. Hifadhi pia namba 115 ya m-mama, ni bure, inapigwa kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Ukitokwa damu, ukiumwa kichwa kikali, macho yakifanya ukungu, ukipata degedege, chupa ikipasuka au mtoto akiacha kucheza, ondoka saa hiyohiyo. Pale hakuna cha kubana matumizi.

Waandae ndugu wawili wenye afya walio tayari kuchangia damu. Damu haiuzwi. Mtu akitaka fedha ili akupatie damu, mripoti kwa uongozi wa hospitali.

Kwa ajili ya arobaini, jaza gesi na ununue vikavu mwezi mmoja kabla: mchele, maharage, dagaa, unga wa uji, pilipili manga. Supu na mtori vinahitaji nyama na ndizi kila siku chache, hiyo iwe bajeti ya kila wiki. Usimpunguzie mzazi chakula ili kufidia gharama nyingine, kwani yeye ndiye chakula cha mtoto. Bibi akitoka mkoani, panga nauli yake ya kuja na ya kurudi kwa pamoja, maana ya kurudi ndiyo husahaulika.

Hatua ya 8: Baada ya mtoto kufika

Maziwa ya mama peke yake yanamtosha mtoto kwa miezi 6, bila maji wala uji. Kopo la maziwa ya dukani linaisha kwa siku chache, na likishaanzwa si rahisi kuliacha. Ukipata shida ya kunyonyesha rudi kliniki siku hiyo, msaada wake ni bure.

Chanjo pia hazilipiwi: za kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18. Usiondoke hospitali bila tangazo la kizazi. Lipeleke kwenye usajili ndani ya siku 90 upate cheti cha kuzaliwa, kisha mwenye NHIF amwingize mtoto kama mtegemezi mara cheti kitakapotoka. Na kwenye hudhurio la wiki ya 6, wewe na mwenzio ulizeni kuhusu uzazi wa mpango. Kwenye vituo vya umma ni bure, na mnaamua wenyewe mtoto mwingine aje lini.